Nikikesha saa 30, nile nini nisizidiwe?

Shikamoo shangazi,

Nina miaka 31, kazi yangu ni kupiga video za harusi. Tuko wawili, mimi na mwenzangu anayeshika kamera ya pili, na kuediti nafanya mwenyewe nyumbani. Siku ya shughuli naamka saa 11 alfajiri, maana bibi harusi anaanza kupambwa mapema na wanataka kila hatua ionekane. Kuanzia hapo ni kusimama tu. Sherehe inakwisha saa 5 usiku, siku nyingine saa 6. Watu wakienda kulala ndiyo kwanza mimi nawasha kompyuta, kwa sababu siku hizi kila familia inataka kile kipande kifupi cha dakika nne kiwe tayari Jumapili asubuhi, wakirushe kwa ndugu kabla harusi haijapoa. Nakipeleka mwenyewe kwa pikipiki, kimo kwenye flashi, saa 3 asubuhi. Kitandani naingia saa 5. Nikihesabu ni saa 30 sijafumba jicho, na msimu wa harusi ukipamba moto inakuwa hivyo kila wiki.

Kwenye shughuli sili. Chakula kipo tele, ila ukishika sahani tu ndipo watu wanapoanza kucheza. Mama mmoja wa jikoni huwa ananiwekea boksi la wali na nyama saa 9 alasiri, nalitia kwenye begi la kamera, nalifungua nyumbani saa 8 usiku na kulimaliza lote. Baada ya hapo ni vinywaji vya kuongeza nguvu, makopo matatu yale makubwa ya mililita 500, kahawa vikombe viwili, na biskuti pakiti nzima. Maji mchana sinywi. Nikibanwa na haja wakati watu wanakula viapo nitafanyaje? Kichwa kikianza kugonga nameza ibuprofeni mbili na kuendelea.

Shida yangu sasa. Kila ikifika saa 10 alfajiri nashikwa na baridi kama mwenye homa, mikono inatetemeka, kiungulia kinapanda mpaka kooni. Mara mbili nimetapika. Nikija kulala, moyo unakwenda mbio na macho yako kwenye dari mpaka saa 8 mchana. Wiki mbili zilizopita ndiyo yamenifika: nilifomati kadi nikidhani nimeshahamisha kilichomo. Ndani yake mlikuwa na hotuba ya baba wa bibi harusi. Programu ya kurudisha mafaili ilirudisha robo tu. Mzee anaonekana anafungua mdomo aseme, halafu picha inaganda.

Mwenzangu anasema nisile kabisa usiku, eti njaa ndiyo inayomweka mtu macho. Mke wangu, ambaye hukesha nami akiniandikia majina ya kuweka kwenye skrini na tunakunywa kahawa pamoja ingawa ana mimba ya miezi mitano, anasema ubaya ni ule wa makopo. Jirani anasema tayari nina vidonda vya tumbo kwa kupitisha saa za kula. Shangazi, kuna chakula gani kitakachoniweka macho mpaka asubuhi bila kuniumiza?

Mpiga Video


Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale pa mzee aliyeganda mdomo wazi, unisamehe. Mara ya pili sikucheka, kwa sababu ya hiyo pikipiki. Tutaifikia.

Chakula unachonitafutia hakipo. Nilifanya zamu za usiku wodini miaka 19 kabla sijahamia kwenye mambo ya lishe, na ningekuwa nakijua ningekuwa nimekila mimi kwanza. Tangu unapoamka, ubongo unajikusanyia kitu kiitwacho adenosini, na kadiri kinavyozidi ndivyo macho yanavyokuwa mazito. Kinachokifagia ni usingizi peke yake. Kafeini haikifagii, inakaa tu pale ambapo adenosini ingekaa ili ubongo usipate habari. Kwa lugha ya kazi yako, ni kubandika utepe juu ya ile taa nyekundu ya betri.

Lakini chakula kinaweza kukuondolea nusu ya mateso uliyoyataja. Hebu tuyachambue, maana umeyaweka kapu moja wakati kila moja lina mama yake.

Tuanze na boksi. Wali umepikwa pengine saa 6 mchana, umefunikwa saa 9, umesafiri ndani ya begi lililojaa betri zenye joto, umeliwa saa 8 usiku. Mwanangu! Kwenye wali wakati mwingine kuna kijidudu kinachoitwa Bacillus cereus. Mbegu zake haziuawi na kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka, zinazaana, zinatema sumu, na sumu ile hata ukiupasha moto upya haiondoki. Mtu anatapika ndani ya nusu saa hadi saa sita baada ya kula. Sikuoni kutoka hapa, kwa hiyo sitaapa kwamba ndiyo iliyokutapisha mara mbili, lakini ningeishuku kabla ya kitu kingine chochote. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Ama kiwe cha moto kabisa, zaidi ya nyuzi 60, ama kiwe kwenye friji chini ya nyuzi 5. Begi la kamera liko katikati. Mshukuru huyo mama, ukile chakula chake palepale au umwambie asikuwekee.

Na hapa nikufundishe jambo ambalo nashangaa hujaliona, wewe mwenye jicho la kamera. Wageni wakianza kula, nani anataka kupigwa video anatafuna? Hakuna. Dakika 20 za kwanza za mlo kamera yako haina kazi ya maana zaidi ya kuonyesha meza zilivyopambwa, na hilo mwenzako anaweza kulifanya kwa mkono mmoja. Kula hapo. Hicho ndicho chakula chako kikuu: wali wa moto, nyama au maharage, mboga za majani, na maji. Kama mlo wa ukumbini ni saa 1 au 2 usiku, vizuri sana. Ukishiba saa hizo, saa 8 usiku hutakuwa mtu wa kumaliza boksi zima.

Kwa nini nasisitiza saa? Kwa sababu tumbo lako linafuata jua, halijui kwamba una oda. Kuna saa ndani ya mwili, kila kiungo na yake, na kazi ya kueleza zinavyoendeshwa iliwapa Wamarekani watatu, Hall, Rosbash na Young, tuzo ya Nobel mwaka 2017. Usiku mwili unatoa melatonini, homoni inayoutangazia kwamba giza limeingia, na melatonini inaiambia kongosho ipunguze kasi ya kutoa insulini, ile inayoiondoa sukari kwenye damu. Kwa hiyo sahani ileile ya wali inayopita kimya saa 2 asubuhi, ukiila saa 8 usiku sukari yake inabaki juu kwenye damu kwa muda mrefu zaidi. Tumbo nalo linasaga polepole. Unakula ukitaka nguvu, unapata uzito. Huko Marekani watu 19 waliwekwa maabara, wakakeshwa kama wafanyakazi wa zamu. Waliopewa chakula usiku sukari yao ya damu ilipanda kwa wastani wa asilimia 6.4, waliokesha vilevile lakini wakala mchana tu haikupanda. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Sasa wewe unakesha usiku mmoja kwa wiki, sitaki kukutisha na kisukari, nataka tu uone kwamba kukesha ni jambo moja na kula usiku ni jambo la pili, na la pili liko mikononi mwako.

Mwenzako basi hakukosea sana. Amekosea pale pa "kabisa". Ukimnyima mtu chakula tangu saa 2 usiku mpaka saa 3 asubuhi, huku anafanya kazi ya macho na vidole, atavumilia mpaka saa 9 kisha atairukia pakiti ya biskuti. Nimeyaona kwa wenzangu, na kwangu pia. Usiku mmoja wodini, saa 9, wagonjwa wametulia, nilijikuta nimesimama mbele ya kabati la chai nakula sukari kwa kijiko. Sikuwa na njaa, nilikuwa nimekula saa 6. Niliangalia kijiko nikajiuliza nani amekishika.

Ndiyo maana ushauri wangu mkubwa hauhusu chakula gani. Unahusu nani anachagua. Yule mtu anayechagua chakula saa 9 usiku si wewe ninayeongea naye sasa. Mwaka 2004 watafiti wa Chicago waliwanyima vijana 12 usingizi, wakawaacha walale saa 4 tu kwa siku mbili. Homoni ya kuita njaa, grelini, ilipanda asilimia 28, na leptini, ile inayosema tumeshiba, ilishuka asilimia 18. Na walichokitamani zaidi kilikuwa vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Mtu wa saa 9 hawezi kukupangia mlo, kama alivyoshindwa kukutunzia kadi. Mpangie wewe Ijumaa jioni. Weka kwenye friji vyombo viwili vidogo, na ndani ya nyumba kusiwe na kingine cha kufungua. Biskuti zikiwemo kabatini zitaliwa, usijidanganye.

Kwenye hivyo vyombo tia nini? Kimoja kiwe cha saa 6 na nusu usiku, ukifika tu nyumbani: yai moja la kuchemsha au mawili, kipande cha mkate usiokobolewa, tunda. Cha pili cha saa 9: mtindi usio na sukari na kiganja cha karanga. Kiganja, si kikombe. Ukubwa wake ndio wenye maana kuliko jina lake. Huko Australia watafiti waliwakesha watu kisha wakawapima kwenye mtambo wa kuigiza udereva. Waliokula mlo kamili katikati ya usiku waliendesha vibaya kuliko waliokula kidogo. Unataka protini kiasi na nyuzinyuzi kiasi ili sukari iingie kwenye damu taratibu. Vya kukaanga viache. Usiku vinakaa tumboni kama mgeni asiyejua saa ya kuaga, na kiungulia chako vitakikaribisha.

Ile baridi ya saa 10 alfajiri si homa. Joto la mwili hushuka kila usiku, na kwa watu wengi hufika chini kabisa karibu na saa hizo, kati ya saa 9 na saa 11. Ukiwa umelala umejifunika huwezi kujua, ila ukiwa umekaa mbele ya skrini unajua sana. Vaa sweta. Kunywa kikombe cha supu ya moto, au maji ya moto yenye tangawizi kama tumbo linakubali. Sisi wodini tulikuwa na chupa ya supu ya mboga, na saa 10 ikifika kila mmoja alishika kikombe kwa mikono miwili hata kabla hajanywa. Joto la vidole lilikuwa nusu ya dawa. Ila kama unapata baridi ya namna hiyo na mchana pia, au unapima joto unakuta liko juu, hayo ni mengine, nenda ukapimwe.

Mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio, hapo mkeo ameshinda. Tufanye hesabu. Vinywaji vingi vya aina hiyo vina miligramu 80 za kafeini kwa kila mililita 250, soma nyuma ya kopo uhakikishe. Kopo lako la 500 ni 160, matatu ni 480. Ongeza kahawa mbili, kila kikombe kama 95. Unakaribia 670, wakati mtu mzima mwenye afya anashauriwa asipite 400 kwa siku nzima. Na sukari je? Makopo ya aina hiyo yenye sukari huwa na gramu 11 hivi kwa kila mililita 100. Yako matatu yanafika gramu 165, zaidi ya vijiko 40 vya chai. Ungemwona mtu anatia vijiko 40 kwenye sufuria moja ungempokonya kijiko.

Kuna jingine. Kafeini haitoki mwilini haraka. Kwa mtu wa kawaida nusu yake huondoka baada ya saa 5 hivi. Kopo la mwisho ukilinywa saa 12 asubuhi, ukipanda kitandani saa 5 nusu ya kopo bado inatembea na wewe. Unalala na kopo. Macho yataachaje kuangalia dari?

Sikukatazi kahawa, mimi mwenyewe siwezi kuandika bila kikombe. Punguza kipimo, kisambaze, na ukikatishe mapema. Mchana wakati wa shughuli kunywa chai, si zaidi ya vikombe viwili. Usiku kahawa mbili ndogo basi, ya kwanza saa 7 na ya pili saa 9, na baada ya saa 10 alfajiri ni maji tu. Makopo usinunue.

Hiyo kahawa ya saa 7 ina ufundi wake. Umeniambia unahamisha mafaili kutoka kwenye kadi kwenda kwenye kompyuta. Hukusema inachukua muda gani, lakini kwa picha za siku nzima najua si dakika tano. Anzisha kuhamisha, kunywa kahawa yako haraka, weka kengele ya dakika 20, jilaze. Kafeini inahitaji kama nusu saa kushika, kwa hiyo utaamka ndiyo inaanza kazi, na ile adenosini umeipunguza kidogo kwa njia halali. Wapo watakaokuambia dakika 20 si usingizi. Marubani wa safari ndefu waliofanyiwa majaribio na NASA walipewa nafasi ya dakika 40 wakiwa angani, wakalala wastani wa dakika 26, na wakawa macho zaidi kuliko wenzao walionyimwa. Na kabla hujajilaza, toa kadi zote ambazo hazijahamishwa uziweke kwenye bahasha yenye rangi. Kadi ya kwenye bahasha haifomatiwi mpaka jua litoke. Hilo si la lishe, lakini limeniuma.

Maji. Unajinyima mchana kwa kuogopa viapo, halafu usiku kichwa kinagonga unameza ibuprofeni. Kichwa kile kwa sehemu ni kiu. Kunywa glasi mbili ukiamka, halafu mafunda madogomadogo, na uende msalani dakika 15 kabla shughuli haijaanza, hata kama huhisi haja. Kibofu kinapokea vizuri maji yanayokuja kidogokidogo kuliko lita moja ya ghafla. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai umechelewa.

Ibuprofeni juu ya tumbo tupu, tena ikifuatiwa na kopo lenye gesi na tindikali, hapo ndipo kwenye moto wako. Dawa za jamii ile hupunguza ute unaolikinga tumbo. Kichwa kikizidi, na kama hujawahi kukatazwa na daktari, parasetamoli kwa kipimo cha kwenye pakiti ni laini zaidi kwa tumbo. Usizizoee zote mbili.

Kuhusu jirani na vidonda vya tumbo: kupitisha saa za kula hakuvitengenezi. Vingi vinatokana na bakteria, Helicobacter pylori, au na hizo dawa za maumivu. Zamani hata madaktari walilaumu mawazo na tindikali, mpaka Barry Marshall wa Australia, mwaka 1984, akanywa kikombe chenye bakteria hao, tumbo lake likavimba ndani, na baadaye, mwaka 2005, yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Nobel. Sikuambii ujaribu. Nakuambia kuna kipimo, na kwa kuwa umekuwa na kiungulia kila wiki, nenda ukakifanye badala ya kupimwa na jirani. Ukitapika damu, au choo kikawa cheusi kama lami, usisubiri Jumatatu.

Tumefika asubuhi. Umemaliza, saa 2, njaa inauma kwelikweli, na safari hii ni njaa ya haki maana jua limetoka. Kula kiamshakinywa cha kawaida ila kiasi: mayai, mkate, tunda, maziwa kama yanakukubali. Usilale na tumbo tupu, litakuamsha saa 6 mchana. Usilale limejaa pia, kiungulia kinapenda mtu aliyelala chali na shibe. Ukila saa 2 na kulala saa 5, umepata nafasi nzuri. Pazia zito, simu chumba kingine.

Na sasa pikipiki. Mwaka 1997 watafiti huko Australia walilinganisha watu waliokesha na watu waliokunywa pombe. Aliyekaa macho saa 17 alikuwa kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu; aliyefika saa 24, kama asilimia 0.10. Wewe unaamka saa 11 alfajiri, kwa hiyo saa 4 usiku, bado uko ukumbini, umeshafika kwenye kiwango ambacho nchi nyingi zinamshusha mtu kwenye usukani. Saa 3 asubuhi umeshapita saa 28. Mayai hayaondoi hilo, wala supu yangu, wala kahawa. Flashi aende kuipeleka mwenzako kama amelala, au familia itume mtu aje kuichukua. Hata kurudi kutoka ukumbini saa 6 usiku ningependa ubebwe. Ukiniuliza katika yote niliyoandika lipi la kushika kama utasahau mengine, ni hilo, na halina chakula ndani yake.

Ningekuwa jasiri zaidi ningekuambia uwaambie wateja kipande kifupi kinatoka Jumapili jioni. Saa nane zaidi, hakuna ndoa iliyovunjika kwa hilo. Lakini hiyo ni biashara yako, sijui ushindani ulivyo.

Umemtaja mkeo katikati ya sentensi kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mimba ya miezi mitano! Mjamzito anashauriwa asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, na wakati wa mimba mwili unaitoa kafeini polepole zaidi, hasa miezi ya mwisho, kwa hiyo vikombe viwili vya kwako vikiwa viwili vya kwake amefika ukingoni, bila kuhesabu chai ya mchana. Makopo asiguse hata funda. Na alale. Majina ya maharusi na ya wazazi yapo kwenye kadi ya mwaliko tangu mwezi uliopita. Yaandike mwenyewe Ijumaa jioni, wakati ule ule unapochemsha mayai.